Sahani Moja Tu: Protini ya Mimea Inavyogeuzwa Maziwa ya Mtoto Mchanga

Swali hili hunifikia kila mara, aghalabu kwa ujumbe wa simu usiku, mzazi akiwa amechoka na mtoto analia: "Mwanangu hapatani na maziwa ya ng'ombe. Nimeona kuna maziwa ya soya, ya lozi, ya mchele. Nimpe yapi?" Ndani ya swali hilo wamejificha viumbe wawili tofauti waliobandikwa jina moja, na kuwachanganya kumeshaua watoto. Tuwatenganishe kwanza.

Wa kwanza ni kinywaji cha mimea. Mbegu au nafaka inalowekwa, inasagwa na maji, inachujwa. Kinachotoka ni cheupe, na kwa weupe huo tunakiita maziwa. Wa pili ni maziwa ya kopo ya mtoto mchanga ambayo protini yake imetolewa kwenye mmea badala ya ng'ombe au mbuzi. Haya nayo ni meupe, ila ni mlo uliopigiwa hesabu, kirutubishi kimoja baada ya kingine, ili mtoto aweze kuishi na kukua kwa huo peke yake. Katika makala haya cha kwanza nitakiita kinywaji, na cha pili maziwa ya kopo ya mimea; nikisema maziwa ya soya kuanzia hapa, namaanisha ya kopo.

Neno lenye uzito hapo ni "peke yake". Mtu mzima akipungukiwa na kitu asubuhi, mchana atakila katika chakula kingine bila hata kujua. Mtoto wa miezi miwili hana chakula kingine. Ana sahani moja, ileile, usiku na mchana, kwa miezi. Tundu lolote lililomo kwenye sahani hiyo linabaki tundu, na kila siku linazidi kumchimba.

Ndiyo maana ni lazima niseme mapema: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Maziwa ya kopo, ya mnyama au ya mmea, ni ya pale ambapo hilo haliwezekani. Na hapo ndipo yanapotakiwa yawe yametengenezwa sawasawa.

Tupige hesabu moja ndogo. Maziwa ya mama yana takriban kalori 65 hadi 70 katika kila mililita 100. Mtoto wa kilo 5 hunywa kama mililita 750 kwa siku, naye hupata karibu kalori 500. Sasa chukua kinywaji cha lozi kisicho na sukari, ambacho kwa kawaida kina kalori 15 hivi kwa mililita 100. Kwa ujazo uleule mtoto atapata kalori 110 na ushei. Ili afikie 500 angelazimika kunywa zaidi ya lita 3 kwa siku, na tumbo lake ni dogo kuliko ngumi yako. Atanywa, tumbo litajaa, atalala, na atakuwa na njaa ambayo hana namna ya kuieleza.

Hayo si ya kufikirika. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika juu ya watoto wawili waliofikishwa hospitali. Mmoja, wa miezi 22, alikuwa amelelewa kwa kinywaji cha mchele. Alivimba mwili kwa kwashakoo, ugonjwa ambao tumezoea kuuhusisha na ukame na vita. Wa pili, wa miezi 17, alikuwa akipewa kinywaji cha soya kisichoongezwa vitamini D. Mifupa yake ililainika. Wazazi wao hawakuwa na njaa wala uzembe. Waliamini walichokinunua ni maziwa.

Sasa tuje kwenye protini yenyewe, maana hapo ndipo ufundi ulipo.

Protini ni kama neno, na vipande vinavyoiunda, viitwavyo asidi amino, ni kama herufi. Herufi hizo ni 20. Mwili unaweza kujiundia baadhi. 9 hauwezi kabisa, ni lazima ziingie kwa mdomo. Kwa mtoto mchanga orodha inarefuka kidogo, kwa kuwa viwanda vya mwili wake bado havijashika kasi. Sasa chukua herufi mkononi ujaribu kuandika neno "mama". Ukiwa na A mia moja lakini M mbili tu, utaliandika mara moja, basi. A zilizobaki hazina kazi. Mwili unazivunja na figo zinabeba mzigo wa kutoa taka zake. Kwa hiyo kusema "soya ina protini nyingi" ni kuhesabu herufi zote kwa pamoja bila kuuliza M ziko ngapi.

Na kweli soya hupungukiwa herufi moja, inayoitwa methionini. Mchele hupungukiwa nyingine, lisini. Hii ndiyo tabia ya mimea kwa jumla: jamii ya kunde ina lisini ya kutosha na methionini chache, nafaka ni kinyume chake. Kipimo cha mtoto mchanga ni maziwa ya mama: kwa kila kiasi cha nishati, kila asidi amino muhimu isiwe chini ya ile iliyomo kwenye maziwa hayo. Kwa hiyo anayetengeneza maziwa ya kopo ya soya huongeza methionini, pamoja na karnitini, ambayo mimea karibu haina na ambayo humsaidia mtoto kuchoma mafuta. Anayetumia mchele huongeza lisini, threonini na triptofani.

Viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex, vilivyowekwa mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, vinataka maziwa ya kopo ya ng'ombe yawe na angalau gramu 1.8 za protini kwa kila kalori 100. Kwa soya kiwango cha chini ni gramu 2.25. Nyongeza hiyo ni fidia: protini ya soya haimeng'enywi kwa ukamilifu uleule na herufi zake hazikupangwa vizuri kwa mtoto, basi anapewa zaidi kidogo.

Lakini kuna dari pia. Wengi huamini kwamba protini ikizidi mtoto atakuwa na nguvu zaidi. Maziwa ya mama yana gramu 1 hivi tu ya protini kwa mililita 100, wakati ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3, na ndama hukua mbio kuliko binadamu. Utafiti uliofanyika katika nchi tano za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto waliolishwa maziwa ya kopo yenye protini nyingi walikuwa na uzito mkubwa zaidi kulingana na urefu wao walipofika miaka 2, kuliko wale waliopewa yenye protini kidogo. Mtoto hahitaji nyingi. Anahitaji iliyo sawa.

Hebu tuingie kiwandani kidogo, ili ionekane kwa nini jambo hili halifanyiki jikoni.

Soya hukamuliwa mafuta kwanza. Unga unaobaki unakorogwa kwenye maji yenye ubesi kidogo, yaani kinyume cha uchachu, na protini inayeyuka huku nyuzinyuzi zikibaki chini. Maji yanatenganishwa, kisha yanatiwa tindikali polepole. Uchachu ukifika kipimo fulani, takriban pH 4.5, jambo linatokea ambalo yeyote aliyewahi kuona maziwa yakikatika atalitambua: protini inaganda vipande vipande na kuzama. Inaoshwa, inarudishwa kwenye hali isiyo na uchachu, inakaushwa kuwa unga. Unga huo, ukiwa mkavu, ni protini kwa angalau asilimia 90. Hiyo ndiyo imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Kabla ya hapo watengenezaji walitumia unga wa soya kama ulivyo. Daktari John Ruhräh wa Baltimore alikuwa ameshaandika juu ya kulisha watoto wachanga kwa unga huo mwaka 1909. Watoto waliishi, lakini kwa kuhara, gesi na kinyesi chenye harufu kali, kwa sababu wanga na nyuzinyuzi za soya ziliwashinda.

Kusafisha protini kunaondoa matatizo fulani na kuacha mengine. Mbegu haikuumbwa ili iliwe. Iliumbwa ili iote, nayo hujilinda. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga tripsini, kimeng'enya chetu cha kukata protini. Joto huvivunja, kwa hiyo ni lazima soya ipashwe moto. Ila moto ukizidi, lisini hujibandika kwenye sukari iliyo karibu, ileile kazi inayolipa ganda la mkate rangi ya kahawia, na lisini iliyobandikwa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Moto mdogo, kizuizi kinabaki; moto mkubwa, herufi inapotea. Mtengenezaji anatembea katikati ya hayo mawili.

Kisha kuna fitati, ambayo ndiyo ghala la fosforasi la mbegu. Hushika madini ya zinki, chuma na kalsiamu na kuyapitisha tumboni bila kuyaachia. Hata unga uliosafishwa hubaki na asilimia 1 hadi 2 hivi ya fitati. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chuma isiyopungua miligramu 0.45 kwa kalori 100 katika maziwa ya soya, wakati ya ng'ombe yanaruhusiwa kuanzia 0.3, zinki nayo inapanda kutoka 0.5 hadi 0.75. Ukizisoma lebo mbili hizo bila kujua sababu, utadhani ya soya imezidishiwa madini kama zawadi. Kumbe ni malipo ya kile fitati inachokwenda nacho.

Hapa naomba nikae kidogo, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Katika miaka ya 1950 watoto waliolelewa kwa maziwa ya soya nchini Marekani walianza kuonekana na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Unga wa soya haukuwa na iodini ya kutosha, na soya yenyewe ilichangia homoni ya tezi kupotea kwa njia ya haja kubwa. Iodini ikaongezwa, rovu likaisha. Hadi leo mtoto mwenye upungufu wa homoni ya tezi anayetumia dawa huhitaji kufuatiliwa kwa karibu akinywa maziwa ya soya.

Mwaka 1978, nchini humohumo, mtengenezaji mmoja wa maziwa ya soya aliacha kuongeza chumvi ya kawaida. Nia ilikuwa njema: kila mtu alikuwa akihofia sodiamu. Lakini chumvi ni sodiamu na kloridi, na hakukuwa na kloridi nyingine ya kutosha mle ndani. Watoto walikosa hamu ya kula, wakalegea, ukuaji ukasimama, damu ikaharibika uwiano wake. Zaidi ya watoto 100 waligundulika na tatizo hilo. Kutokana na kisa hicho Marekani ikapitisha sheria ya maziwa ya kopo mwaka 1980, iliyotaja kirutubishi kwa kirutubishi nini lazima kiwemo.

Kisha ikaja 2003, Israel. Maziwa ya soya yalikuwa yamebadilishwa mchanganyiko wake na vitamini B1 ikaachwa nje, kwa imani kwamba soya yenyewe inayo ya kutosha. Lebo iliendelea kusema imo. Watoto waliokuwa wakikua vizuri walianza kutapika, kusinzia, macho kwenda upande; ubongo ulikuwa unakosa vitamini ya kuchomea sukari. Baadhi walifariki na wengine wakabaki na ulemavu wa kudumu.

Angalia kinachounganisha visa hivi. Hakuna hata kimoja kilichotokana na protini. Protini ilikuwepo, imepimwa, inatosha. Kilichokosekana ni kitu kidogo ambacho maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakikileta kimyakimya bila mtu kukihesabu. Ukiondoa maziwa ukaweka mmea, hubadilishi protini pekee. Unaondoa pia kalsiamu, iodini, vitamini B2 na B12, sukari ya maziwa, na kila kilichokuja nayo. Kila kimoja ni lazima kirudishwe kwa mkono, au kiwekewe mbadala kama ilivyo kwa sukari, na kuhakikishwa kwa kipimo. Viwanda vyenye maabara, wataalamu na sheria vilisahau. Ndiyo sababu moyo wangu hupiga kwa nguvu ninapoona maelekezo ya kutengeneza "maziwa ya mtoto ya asili" nyumbani kwa njugu na tende.

Na namba ya protini kwenye lebo nayo isitulaghai. Kipimo cha kawaida hakiioni protini; kinapima naitrojeni, kisha kinazidisha. China mwaka 2008 wahalifu walitia melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa ya ng'ombe yaliyokwisha tiwa maji, na kipimo kikasoma protini. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 walifariki. Kwa hiyo kwa protini ya mtoto namba hiyo peke yake haitoshi; ni lazima asidi amino zipimwe moja moja.

Sasa hofu inayozungumzwa kuliko zote: kwamba soya humfanya mtoto wa kiume kuwa na maumbile ya kike. Chanzo chake ni isoflavoni, viambata vya soya vyenye umbo linalofanana kidogo na homoni ya kike ya estrojeni. Ni kweli vimo, na mtoto anayekunywa maziwa ya soya tu hupata kiasi kikubwa mno kwa kila kilo ya mwili wake kuliko mtu mzima anayekula soya. Lakini nguvu yake ni hafifu mno ikilinganishwa na homoni halisi, na sehemu kubwa huzunguka kwenye damu ikiwa imefungwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu wazima 811 wenye miaka 20 hadi 34 ambao utotoni walilishwa, wengine soya, wengine maziwa ya ng'ombe. Urefu, uzito, kubalehe na uzazi havikutofautiana kwa maana yoyote; wanawake wa kundi la soya walisema hedhi yao huchukua muda mrefu kidogo na huwa na maumivu zaidi. Mwaka 2010 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulipima hatari hiyo kwa ngazi tano na kuiweka ya pili kutoka chini. Utafiti wa baadaye kwa watoto wa kike uliona dalili ndogo kwenye seli zinazoitikia estrojeni. Kwa hiyo mwanao wa kiume hatageuka, na anayekuambia hivyo anakutisha bure. Ila anayesema hakuna chochote cha kuchunguza naye amefanya haraka.

Kuna pia suala la mzio. Kati ya watoto 100, wawili au watatu huwa na mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na wengi hudhani soya ndiyo dawa. Baadhi yao hupata mzio wa soya pia, na walio na mzio wa utumbo huathirika zaidi. Chama cha Ulaya cha madaktari wa tumbo na lishe ya watoto kilishauri mwaka 2006 kwamba soya isitumike kwa ajili hiyo kabla ya miezi 6. Chaguo la kwanza huwa ni protini ya maziwa iliyovunjwavunjwa hadi kinga ya mwili isiitambue. Soya ina nafasi yake halisi kwa mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao sukari ya maziwa kwake ni sumu. Na kwa watoto njiti haishauriwi kabisa: mifupa yao inahitaji kalsiamu na fosforasi nyingi, na fitati huwanyima.

Neno moja kwa familia zisizokula kitu chochote cha mnyama: "protini ya mmea" si lazima imaanishe kopo zima ni la mmea. Vitamini D3 mara nyingi hutolewa kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, na mafuta ya DHA, aina ya omega-3, yanaweza kutoka kwa samaki, ingawa yapo ya mwani. Lebo isomwe hadi mstari wa mwisho.

Soya haiko peke yake tena. Ufaransa, Italia na Hispania zimekuwa na maziwa ya kopo ya protini ya mchele iliyovunjwavunjwa kwa watoto wenye mzio, nayo hudhibitiwa kwa arseniki, sumu ambayo mpunga huifyonza kutoka ardhini kuliko nafaka nyingine. Wanaofanya utafiti wanajaribu njegere, dengu, viazi, na michanganyiko ya kunde na nafaka ili kila moja imkopeshe mwenzake herufi anayopungukiwa. Sheria ya Ulaya bado inatambua vyanzo vitatu tu vya protini kwa maziwa ya kawaida ya mtoto mchanga: ng'ombe, mbuzi na soya, pamoja na protini zilizovunjwa ambazo zimepitia tathmini. Wenye haraka huliona hilo kuwa ukiritimba. Mimi naona kumbukumbu ya 1978 na 2003.

Maana hatimaye karatasi haitoshi. Marekani hutaka mchanganyiko mpya ujaribiwe kwa watoto wenyewe kwa wiki zisizopungua 15, kuanzia siku chache baada ya kuzaliwa. Mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, gramu zinaandikwa. Urefu, mzingo wa kichwa. Baada ya muda tena. Madaktari hutazama kama kundi la kopo jipya limepungukiwa gramu 3 kwa siku dhidi ya wenzao. Gramu 3 ni kama nusu ya kijiko cha chai cha maji. Kwa siku moja hakuna mama atakayeiona.